Sifa ya Mlinzi

Je, yapasa mtu asifiwe kwa jambo ambalo halikutokea? Swali hili huenda likaonekana la mchezo, lakini lina uzito wake. Anayejenga nyumba huonyesha nyumba. Anayetunga huonyesha utungo. Anayefunga bao hana haja hata ya kuonyesha, kwani wavu umetikisika mbele ya maelfu ya macho. Lakini yule ambaye kazi yake ni kuzuia, aonyeshe nini? Akifanikiwa, hakuna kilichotokea. Na kisichotokea hakina picha wala sauti, wala hakibebeki kikapelekwa mbele ya mashahidi.

Kendwa, kijiji cha pwani jirani na Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ni mahali pafaapo kulitafakari swali hili. Bahari ya huko haikimbii mbali maji yanapokupwa, tofauti na pwani ya mashariki ambako mtu hutembea kitambo kirefu kuyafuata. Na mchanga wake mweupe, jioni, huwa kiwanja. Vijana wakigawana timu kila mmoja ataka kucheza mbele. Anayebaki nyuma aghalabu ni mdogo wao, au mzito wa mbio, au yule mwenye haya asiyeweza kubishana. Giza likiingia, mbele ya mahoteli yaliyopangana ufuoni hukaa watu wengine ambao Kiswahili kimewapa jina lile lile la wachezaji wa nyuma: walinzi. Mgeni akiamka asubuhi na mali yake ni kamili, bakshishi humwendea aliyemwandalia chai na aliyemtandikia kitanda. Mlinzi hakumbukwi hadi siku mkoba utakapopotea, na siku hiyo ndiyo ya kwanza watu kumuuliza jina lake.

Hapo jirani, Nungwi, bado vinaundwa vyombo vya mbao. Katika kazi hiyo yumo kalafati, fundi anayeshindilia pamba yenye mafuta katika mianya ya mbao, mwanya baada ya mwanya, ili maji yasipite. Kisha mbao hupakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa. Ni ajabu ya lugha hii kwamba mafuta hayo yameitwa kwa neno hilo: chombo hupewa sifa kabla ya safari, na kalafati hapewi hata baada yake. Chombo kikivuja, kila baharia humtaja. Kikifika salama, hutajwa upepo, hutajwa tanga, hutajwa nahodha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo imemkemea mzembe vya kutosha. Aliyeziba ufa kwa wakati imemwacha bila neno.

Katika soka la Visiwani hakuna maisha yanayolileta swali hili karibu zaidi kuliko ya Nadir Haroub Ali, beki wa kati aliyekuwa nahodha wa Yanga, wa Zanzibar Heroes na wa timu ya taifa ya Tanzania, Taifa Stars. Wengi walimjua kwa jina la Cannavaro. Jina hilo ni la Fabio Cannavaro, nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006 kule Ujerumani, na kulipewa ni heshima kubwa kwa beki yeyote. Italia ile ilicheza mechi 7 ikafungwa mabao 2 tu: moja walijifunga wenyewe dhidi ya Marekani, na jingine lilikuwa penalti ya Zinedine Zidane katika fainali. Yaani katika mashindano mazima hakuna mpinzani aliyepita katika ukuta ule mpira ukiwa unachezwa. Mwaka huo huo Cannavaro alipewa Ballon d'Or. Tuzo hiyo ilianza 1956, na tangu hapo mabeki walioipata ni watatu: Franz Beckenbauer, mara mbili, Matthias Sammer, na yeye. Kipa ni mmoja tu, Lev Yashin, mwaka 1963. Zilizobaki karibu zote zimekwenda kwa wanaofunga na wanaowatengenezea wafungaji. Hakuna ajuaye mpira atakayedai kwamba kwa miaka yote hiyo wazuiaji wanne tu ndio waliostahili. Maelezo yaliyo karibu na ukweli ni kwamba macho ya waamuzi wa tuzo ni macho ya watu, na macho ya watu huufuata mpira.

Beki hodari hufanya kazi yake nyingi mahali ambapo mpira haupo. Husimama hatua mbili upande wa kushoto, na mshambuliaji aliyetaka kupita hapo huiona njia imefungwa, akaurudisha mpira kwa mwenzake. Mtazamaji huona pasi ya kurudi nyuma, akapiga mwayo. Hajui kwamba ameshuhudia shambulizi likifa kabla halijazaliwa. Beki humwita mwenzake aliyepanda sana. Huusogeza mstari mbele, huurudisha. Huutazama mguu wa mpinzani pale wengine wanapoyatazama madaha yake. Kule kuteleza kwenye majani na kuunyakua mpira miguuni mwa mtu, ambako umati hukupigia makofi, mara nyingi ni dawa ya kosa lililokwisha kufanyika, lake au la mwenziwe. Kwa hiyo hata pale beki anaposifiwa, aghalabu husifiwa kwa siku zake zisizokuwa bora.

Mwezi Januari 2016 Mbwana Samatta, mshambuliaji wa TP Mazembe ya Lubumbashi, alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wale wanaocheza ndani ya bara. Ilikuwa haki yake. Mazembe ilikuwa imetwaa Ligi ya Mabingwa ya 2015, na yeye akiwa miongoni mwa waliofunga mabao mengi kuliko wote katika mashindano hayo. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika hapo kabla yake. Baada ya hapo kocha wa Taifa Stars, Charles Boniface Mkwasa, alimkabidhi Samatta unahodha, ambao hadi wakati huo ulikuwa wa Nadir Haroub. Nadir akatangaza kustaafu kuichezea timu ya taifa.

Mtu akitaka kuutetea uamuzi ule hakosi la kusema. Unahodha si pensheni. Nahodha wa jahazi huwekwa kwa ajili ya safari inayokuja, si kwa zile zilizokwisha, na kijana aliyepanda hadi kilele cha bara zima alikuwa na la kuwafundisha wenzake. Hayo ni kweli. Lakini yatazamwe yaliyowekwa katika mizani. Upande mmoja kuna mabao, ambayo huhesabika, na tuzo, ambayo hushikika. Upande wa pili kuna miaka ya mashambulizi yaliyofia njiani, na hakuna aliyeyahesabu, kwa kuwa hayahesabiki. Mizani ya namna hiyo imeegemea upande mmoja kabla hata haijawekewa kitu. Samatta alistahili alichopewa. Swali ni kama yule aliyevuliwa angeweza, kwa njia yoyote ile, kuonyesha alichokuwa nacho. Angefunga mabao ishirini angeyataja. Aliyozuia angeyatajaje? Akijaribu, ataambiwa anajisifu kwa hewa.

Na kwa Mzanzibari jambo hili lilikuwa na tabaka la pili. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Mwezi Machi 2017 ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa CAF, wa 55, na mwezi Julai mwaka huo huo uanachama ukafutwa. Zanzibar Heroes imetwaa Kombe la Chalenji mwaka 1995, na mwaka 2017 ilifika fainali kule Machakos ikafungwa na Kenya kwa penalti. Hata hivyo FIFA haizihesabu mechi hizo kuwa za kimataifa. Beki aliyevaa jezi ya Visiwa amefanya kazi isiyoacha alama, katika mechi zisizoingia daftarini.

Hapa hoja haina budi kugeuka, kwani kumsifu anayezuia kuna hatari yake, na pengine ni kubwa kuliko dhulma ya kumsahau. Jambo ambalo halikutokea ni rahisi kudaiwa na kila mtu. Mume anayemfungia mkewe ndani husema amemkinga na fitina za mtaa. Mzazi anayempiga mtoto hadi akavimba husema amemzuia asiharibike. Na watawala wa kila zama, mahali pengi duniani, wamewatia watu gerezani kisha wakasema: mnaona amani hii? Ni sisi tulioizuia fujo. Nani atawakanusha? Fujo haikutokea, wala hakuna awezaye kuthibitisha kwamba ingetokea. Ikiwa kisichoonekana chastahili sifa, basi mlango umefunguliwa kwa kila mwongo mwenye rungu.

Soka lenyewe linaijua hatari hii. Tarehe 2 Julai 2010, mjini Johannesburg, katika robo fainali ya Kombe la Dunia, dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza, mpira wa kichwa wa Dominic Adiyiah wa Ghana ulikuwa unavuka mstari wa goli la Uruguay. Luis Suárez, mshambuliaji aliyekuwa amerudi nyuma kulinda, akauzuia kwa mikono. Akatolewa kwa kadi nyekundu. Asamoah Gyan akaupiga mkwaju wa penalti ukagonga mwamba. Uruguay ikashinda kwa penalti za baadaye. Waafrika wengi hawajamsamehe. Kwao Waruguay, alizuia, na hiyo ndiyo kazi ya mlinzi. Mtu anaweza hata kusema kwamba aliilipa gharama, kwa kuwa sheria imeweka adhabu na adhabu akaipokea. Hoja hiyo haitoshi. Adhabu haikuwekwa iwe bei ya kununulia kosa, kama vile faini ya wizi isivyokuwa bei ya ng'ombe. Kilichozuiwa pale hakikuwa hatari. Kilikuwa haki ya mwingine iliyokwisha kupatikana, imebakiza shubiri moja tu iandikwe.

Basi mlinzi wa kweli hutofautianaje na wa uongo, ikiwa wote wawili hudai kisichoonekana? Njia ipo, na beki wa kawaida huifuata kila wiki bila kuitaja. Yeye hukubali kuhesabiwa yaliyopita. Timu ikifungwa matatu, ni yeye atakayesomwa kwenye kurasa za michezo, ni yeye atakayezomewa akipanda basi, na hasemi kwamba bila yeye yangekuwa sita, ingawa huenda ni kweli. Mtawala yule wa amani hajawahi kukubali hesabu ya namna hiyo: fujo isipotokea ni kazi yake, ikitokea ni hila za maadui. Mume yule naye, mkewe akinyong'onyea kwa upweke, husema ni tabia yake tangu kwao. Madai ya kuzuia huaminika pale tu mdai alipoiweka shingo yake kwa yale yatakayompita. Kalafati naye ni hivyo hivyo: mianya aliyoziba haionekani, lakini chombo kikizama bandari nzima inajua ni mkono wa nani.

Nadir Haroub alistaafu soka mwaka 2018, baada ya zaidi ya miaka kumi katika jezi ya Yanga. Ukiwauliza mashabiki wa klabu hiyo wamkumbuke, wengi watataja jioni moja ya Machi 2014 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Yanga ilikuwa inacheza na Al Ahly ya Misri, mabingwa wa Afrika wa wakati ule, na katika dakika ya 82 Nadir akafunga kwa kichwa. Yanga ilishinda 1–0. Wiki iliyofuata, Alexandria, Al Ahly nao wakashinda 1–0, mikwaju ya penalti ikapigwa, na Yanga ikatoka kwa 4–3. Bao lile bado linasimuliwa vibarazani, na kila msimuliaji huongeza urefu wa ule mruko. Katika dakika 82 zilizotangulia, mabingwa wa Afrika hawakupata bao, na za dakika hizo hakuna anayezisimulia.