Abasia Isiyo na Paa: Nani Aliichukua Sala Yako?

Tafakari ya wiki: Luka 24:13-35 na 1 Petro 2:4-5



Leo naomba tutembee kidogo. Nilipokuwa nasoma Uingereza, Jumamosi moja wenzangu wa darasani walinialika kwenda kutembea kwenye bonde la mto Wye, mpakani mwa Uingereza na Wales. Kule ni jambo la kawaida. Watu wanabeba mikate na maji, wanatembea kwa miguu siku nzima, na si kwamba wamekosa nauli! Nilicheka moyoni. Nyumbani mtu anatembea kwa sababu shamba liko mbali. Huku wanatembea kwa raha. Nikaenda, lakini nakiri mapema: sikwenda kusali. Nilikwenda kupiga picha.

Tulianzia Chepstow, mji mdogo wenye ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1067, juu ya mwamba kando ya mto. Hapo ndipo inapoanzia njia iitwayo Wye Valley Walk, ambayo ina urefu wa kilomita 218 hivi na inapanda hadi milima ya Plynlimon, mto unakoanzia. Sisi tulikusudia kufika Tintern tu. Njia inapita msituni, juu ya majabali, na kuna mahali paitwapo Eagle's Nest ambapo ukisimama unauona mto ukipinda chini, na kwa mbali maji mapana ya Severn. Kisha unashuka, miti inafunguka, na mbele yako, kwenye nyasi kando ya mto, limesimama kanisa kubwa lisilo na paa.

Hiyo ni abasia ya Tintern. Wamonaki wa shirika la Wasitersiani walifika hapo tarehe 9 Mei 1131. Kanisa hilo kubwa lilianza kujengwa mwaka 1269, na kama makanisa yote ya shirika lao, liliwekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria. Wamonaki wale waliamka usiku wa manane kusali, wakarudi tena kanisani mara kadhaa mchana, na katikati walifanya kazi za mikono. Siku yao waliifunga kwa kumwimbia Mama yetu Salamu Malkia. Hesabu mwenyewe, kijana: karibu miaka 405, baridi na joto, watu wanaamka gizani kwa ajili ya Mungu.

Halafu ikafika tarehe 3 Septemba 1536. Mfalme Henry VIII alikuwa amejitenga na Baba Mtakatifu na kuamua kufunga monasteri. Abate akakabidhi abasia kwa watu wa mfalme. Vitu vya thamani vikaenda kwenye hazina. Na paa je? Paa la kanisa lilifunikwa kwa risasi. Si ya bunduki, ni yale madini mazito. Risasi ilikuwa na bei nzuri, basi ikabanduliwa ikauzwa. Hawakuhitaji kubomoa kuta. Ukishaondoa paa, mvua inafanya kazi iliyobaki. Maji yakaingia, mbao zikaoza, na leo ndani ya kanisa zinaota nyasi. Ukiwa mbali, kuta ndefu na dirisha kubwa la magharibi vinakufanya udhani ni kanisa zima. Ukiingia tu, unaona anga.

Wenzangu walipokuwa wanapiga picha, mimi nilisimama pale altare ilipokuwa. Nikajisemea, hawa walimwimbia Mama kila usiku, na mimi nimsalimie basi. Nikaanza Salamu Malkia, kwa Kiswahili. Nilifika katikati, nikakwama. Nikaanza upya. Nikakwama palepale.

Jamani, mimi niliyekuwa naongoza rozari kwenye jumuiya yetu nikiwa na miaka kumi na miwili!

Nilikaa juu ya jiwe, nikaanza kujiuliza imekuwaje. Hakuna siku niliyoamua kumwacha Mungu. Kwanza asubuhi zilikuwa na giza na baridi, nikasema nitasali nikiwa kwenye basi. Kwenye basi nikashika simu. Kisha nikapata kibarua cha Jumapili, nikasema Mungu anaelewa. Kitubio nikakisogeza hadi Kwaresima, na Kwaresima ikapita. Mama akipiga simu kuuliza, "Mwanangu, unasali?", najibu haraka, "Nasali, mama." Rozari ilikuwa mkononi kama bangili. Jina la ubatizo lipo, picha ya Moyo Mtakatifu ipo ukutani. Kuta zote zilikuwa zimesimama.

Hapo ndipo neno lilinichoma. Wamonaki wa Tintern walinyang'anywa paa lao. Mimi langu hakuna mfalme aliyekuja kulichukua. Nililibandua mwenyewe, kipande kwa kipande, nikaliuza kwa bei ya dakika tano za usingizi.

Ng'ambo ya mto, juu msituni, kuna jabali ambalo wenyeji wanaliita Mimbari ya Shetani. Hadithi yao inasema shetani alisimama pale akiwahubiria wamonaki waliokuwa chini, akiwashawishi waache utawa wao. Ni hadithi tu, lakini ina fundisho. Angalia: hakurusha mawe, alizungumza. Na sisi anatuambia maneno mepesi tu: "Utasali baadaye." "Umechoka leo." "Misa ni ileile kila wiki." Hakuna hata neno moja kati ya hayo linalosema umkane Mungu. Ndiyo maana tunayasikiliza.

Sasa turudi kwenye Injili. Wafuasi wawili wanatembea kwenda Emau. Wanaondoka Yerusalemu, maana yake wanaiacha jumuiya, wamekata tamaa. Wanakwenda upande usiotakiwa! Yesu anafanya nini? Hawazuii njiani kuwagombeza. Anajiunga nao, anawauliza wanazungumza nini, anawaacha waseme uchungu wao wote. Anawafafanulia Maandiko, na kwenye kuumega mkate wanamtambua. Usiku uleule wanarudi Yerusalemu. Njia ni ileile, ila uso umegeuka. Kwa hiyo wewe unayedhani umekwenda mbali mno, elewa hili: Yesu anaweza kutembea nawe hata katika njia unayomkimbilia.

Jumapili iliyofuata niliomba ruhusa kazini, nikatafuta parokia, nikafika nusu saa kabla ya Misa. Nilimwambia padre kila kitu, hata aibu ya kusahau sala. Malipizi aliyonipa yalikuwa Salamu Malkia moja. Niliisoma kwa Kiswahili kwenye simu, simu ileile iliyokuwa imekula muda wa sala zangu. Jioni nikampigia mama. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Nilikuwa nakudanganya." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Marahaba mwanangu. Nilijua. Ndiyo maana sikuacha kuuliza."

Usihuzunike sana juu ya magofu, ndugu yangu. Mtume Petro anatufundisha kwamba sisi ndio mawe yaliyo hai. Wasitersiani hawakufa pamoja na Tintern. Watrapisti, ambao ni tawi la familia hiyohiyo, waliishi miaka mingi Kipkelion, Kenya. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zikawalazimu kuondoka, wakahamia Uganda na kuendelea na maisha yao ya sala. Waliacha majengo, sala wakaondoka nayo. Mtu anaweza kukunyang'anya jengo. Sala haondoki nayo mpaka umpe.

Wiki hii nakuomba mambo matatu:

1. Chagua saa moja ya sala isiyohama. Hata dakika kumi, lakini kabla hujagusa simu.

2. Tembea. Huna haja ya kwenda Wales. Kama kuna mto, kilima au njia ya shamba karibu nawe, tembea nusu saa bila muziki masikioni, ukimwambia Yesu uchungu wako kama wale wa Emau.

3. Kama kuna kitubio ulichokiahirisha, usikiahirishe tena. Muulize paroko wako saa yake.

Na tusali: Ee Bwana Yesu, uliyetembea na waliokata tamaa, tembea nasi pia. Utuoneshe pale tulipoanza kubandua paa la roho zetu, na utupe moyo wa kuanza kuezeka leo. Ee Maria, Mama na Malkia, tunaposahau maneno katikati, utusaidie kuyamalizia. Amina.

Je, wewe kipande cha kwanza kubanduka kilikuwa kipi? Anzia hapo.