Je, Aliyepona Adaiwa Nywele Zake?

Swali tunalolitazama safari hii laweza kuonekana dogo, hata la kuchekesha. Mama ameugua kansa, akachangiwa fedha za matibabu, akapata nafuu, nywele zake zikaota upya. Je, afanya vibaya akizipaka rangi ya dhahabu? Wengine watasema hilo ni jambo la saluni, wala si la gazeti letu. Lakini maneno yanayosemwa nyuma ya mama wa namna hiyo si ya saluni. Watu husema, "Kumbe fedha anazo!" Husema, "Juzi tulimchangia, leo ang'ara kuliko sisi."

Yafaa kwanza tujue habari za nywele zenyewe. Dawa nyingi za kansa zinazotiwa mshipani hushambulia chembe hai zinazogawanyika upesi. Chembe za kansa ni za namna hiyo, lakini zile za mashina ya nywele nazo ni vivyo hivyo. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, mara nyingi majuma 2 au 3 baada ya dawa ya kwanza. (Mionzi ni mbali. Hiyo hunyonyoa mahali inapopigwa tu, basi aliyepigwa mionzi ya titi hapotezi nywele za kichwani kwa sababu hiyo.) Nyusi na kope huweza kwenda pia. Dawa zikiisha, nywele hurudi polepole, kama sentimita 1 kwa mwezi, na pengine hurudi za namna nyingine kabisa: laini kama za mtoto mchanga, au zenye mvi kwa mtu ambaye hakuwa na mvi hata moja. Mwenyewe akijitazama kiooni humwona mgeni.

Tufikiri pia muda aliopitia. Safari za Ocean Road kule Dar es Salaam, au KCMC Moshi, au Bugando Mwanza, si za siku moja. Wengine walimwamulia siku ya sindano, chakula, nani alale naye, hata nani amwogeshe. Aliyakubali yote kwa kuwa alitaka kuishi. Sasa amefikia jambo moja la mwili wake aliwezalo kuliamua peke yake, nasi twataka atuombe ruhusa!

Lugha yetu ina neno lake kwa mambo haya, nalo ni masimango. Mtu humsaidia mwenziwe, kisha humkumbusha msaada ule kila amwonapo amekula vizuri au amevaa vizuri. Aliyewahi kusimangwa ajua kwamba afadhali angelala njaa. Mchango wa matibabu una kazi yake: dawa, nauli, malazi. Kazi ile ikiisha, mchango umekwisha. Haugeuki kuwa hisa katika kichwa cha mtu. Kama fedha za dawa ndizo zilizonunua rangi, huo ni udanganyifu, na mweka hazina ana haki ya kuuliza waziwazi. Lakini shilingi aliyoipata baadaye kwa vitumbua vyake ni yake, kama ya kwako ilivyo yako.

Tena tumeona kwamba manung'uniko haya hayamfuati mwenye mali. Bibi tajiri hubadili nywele kila baada ya majuma mawili, na hakuna anayemfanyia hesabu. Maskini ndiye atakiwaye kuonekana maskini, na mgonjwa aendelee kufunga kitambaa ili tusije tukasahau kwamba tulimsaidia. Twaona hiyo ni bei kubwa mno kwa msaada wowote.

Wapo wasemao kosa ni rangi yenyewe, kwamba ni kuiga Wazungu. Huenda. Lakini akina mama wa pwani wamejipaka hina tangu zamani, na wazee wamezitia hina ndevu zao, wala hatukusikia wakiulizwa wanamwiga nani. Pengine mama huyu ataka tu kuona rangi changamfu baada ya miezi ya kuta nyeupe. Pengine hana sababu. Halazimiki kuwa nayo.

Hoja moja ina uzito: je, ikiwa kwa ajili ya rangi ataikosa nauli ya kurudi kliniki? Hapo rafiki na aseme, tena aseme uso kwa uso, nyumbani, mlango umefungwa. Rafiki wa namna hiyo atamfaa pia kwa mambo mengine. Ili nywele nyeusi ziwe za dhahabu, sharti weusi utolewe kwanza kwa dawa kali, na ngozi ya kichwa baada ya matibabu ni nyepesi. Amwulize daktari au muuguzi wake. Wengi hushauri kungoja kama miezi 6. Dawa ijaribiwe kwanza nyuma ya sikio, angoje saa 48 aone kama ngozi itawasha au kuvimba. Isizidishwe muda ulioandikwa ati nywele zimeishia kuwa rangi ya shaba. Na dawa ya kung'arishia nguo isikaribie kichwa kabisa, hata ikiwa rahisi namna gani.

Kuhusu gharama, wakati wa nywele fupi ndio wakati ulio nafuu, kwa maana pakiti moja yatosha na kubaki. Akipaka ncha tu, dawa haigusi ngozi, na fedha hupungua tena. Rafiki aweza kushika bakuli na kutazama saa. Baada ya mwezi mmoja weusi, au mvi, utachungulia tena penye mashina, upana wa ukucha hivi, naye atachagua upya: kupaka, kukata, au kuziacha ziote.