Salio la Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipoandika kwamba hana hata shilingi, mimi nilikuwa nimeshaiona hela yake. Niliiona usiku, kitandani kwangu hapa Chaani, malori ya makontena yakinguruma barabarani kama kawaida yao. Mama alikuwa amelazwa, bili inapanda, na familia imeitana kwenye kikundi cha WhatsApp kila mtu aseme atatoa ngapi. Yeye aliandika: "Kusema kweli sina kitu, nivumilieni."

Anwani yake nilikuwa nayo. Miezi kadhaa nyuma alinisaidia kazi ya kutafsiri, mteja akanilipa kwa tokeni za dola, nami nikamtumia sehemu yake kwenye pochi yake ya kidijitali. Anwani yenyewe ni msururu wa herufi na tarakimu 42 unaoanza na 0x.

Sisi tumelelewa na M-Pesa. Tangu 2007 tumezoea kwamba namba ya mtu ni namba tu. Unaweza kumtumia pesa miaka kumi na usijue ana ngapi, kwa sababu salio lake liko nyuma ya PIN yake. Kwenye Ethereum, iliyoanza 2015, mambo ni kinyume. Daftari ni la wote. Ukiwa na anwani ya mtu unaibandika kwenye tovuti ya kulisomea daftari hilo, na unaona kilichoingia, kilichotoka, siku, saa na dakika. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani kwake.

Basi nikaibandika. Nikaona tokeni ambayo sijawahi kuisikia jina, na pembeni yake thamani: zaidi ya dola 3,000.

Sikumpigia simu. Nilipiga skrinishoti nikaitupa kwenye kikundi, bila neno. Mama mdogo akajibu kwa alama ya mshangao moja tu. Mdogo wangu akasoma, akanyamaza.

Swali ambalo limenikaa tangu siku hiyo ni hili: kitu kilichoachwa wazi, je, ni halali kukitazama? Jibu rahisi ni ndiyo. Yeye mwenyewe alichagua kuweka mali mahali penye kuonekana. Lakini mimi nimekulia nyumba za kupanga, vyumba vimetazamana, ukumbi mmoja katikati, na mchana kila mlango uko wazi na pazia tu. Pazia halizuii mwizi, wala halikutundikwa kwa ajili ya mwizi. Limetundikwa kwa ajili ya jirani mwenye adabu. Ukipita upepo ukalipeperusha ukaona, hujakosa. Ukilifunua kwa mkono wako, hata kama hakuna komeo, hapo umekosa, na kila mtu kwenye hiyo ploti anajua umekosa.

Utaniambia: je, kama kweli angekuwa anadanganya, na mama yuko wodini? Nimelizungusha hilo sana. Nadhani uongo wake ungekuwa dhambi yake, na bado mkono uliofunua pazia ungekuwa wangu. Ila sitajifanya malaika. Bili ikipanda tena sijui kama vidole vyangu vitatulia.

Sasa, la aibu zaidi ni kwamba nilichokiona hakikuwepo.

Pochi ya kidijitali haina pesa ndani. Inachotunza ni ufunguo wa siri. Pesa, kama tuite pesa, ni mistari kwenye lile daftari. Programu huenda kusoma mstari wako na kukuletea tarakimu. Hata nukta ya desimali haiko daftarini. Mle mna namba nzima tupu, na kila tokeni hutangaza nukta iwekwe wapi: tokeni nyingi za Ethereum baada ya kurudi nafasi 18, dola za USDT nafasi 6. Kisha programu huchukua bei ya mwisho iliyosikika sokoni na kuzidisha. Ni kama mtu auze embe moja kwa shilingi 500 kwa mgeni aliyepotea, halafu wewe uhesabu mwembe wote kwa bei hiyo.

Na yeyote anaweza kukuwekea tokeni kwenye anwani yako. Huulizwi, hukubali, hukatai. Matapeli hutunga tokeni, huipa bei ya uongo, huimwaga kwenye maelfu ya anwani. Mwenye tamaa akijaribu kuiuza hupelekwa kwenye tovuti ya kutia saini idhini, na idhini hiyo ndiyo inayokomba kile cha kweli alichonacho. Ile dola 3,000 ilikuwa chambo. Mdogo wangu aliijua siku ilipoingia, akaificha kwenye programu yake asiione tena. Lakini kuificha hakuifuti daftarini. Kwa hiyo mwenye pochi alikuwa haioni, na mimi nisiye mwenye pochi nikaiona.

Hapa jirani yetu, kwenye mtaa wa Bangladesh kule Mikindani, 2013 watu walitumia Bangla-Pesa, vocha za karatasi za kununuliana wao kwa wao shilingi zinapokauka. Polisi walimkamata mwanzilishi na baadhi ya wanachama, na mashtaka yakaondolewa mwaka uo huo. Baadaye wazo hilo likageuka Sarafu, tokeni za blokicheni ambazo mtu anazitumia hata kwa kimulikamwiti. Kinachonigusa ni namna salio lilivyosomwa. Sarafu ilikuwa ikipungua kwa asilimia 2 kila mwezi. Salio kubwa halikuwa fahari: mara nyingi lilimaanisha umewauzia majirani na wewe hujawanunulia. Muuza mboga alijua vocha ya fundi ni ahadi ya fundi yule pale, mwenye jina na kibanda. Mimi nilisoma tarakimu isiyo na mtu nyuma yake, nikaiamini kuliko mtu.

Mama alitoka. Tulichanga kwa shida, wengine wakakopa. Nilimfuata mdogo wangu jioni moja, tukakaa nje kwenye benchi la muuza viazi karai. Alinionyesha simu. Dola za tafsiri zilikuwa zimeshaliwa na kodi ya nyumba. Zilibaki senti kadhaa, na hata hizo hazihamishiki kwa sababu hana ether ya kulipia ada ya kuhamisha.

Nikamwomba radhi. Akachovya kiazi kwenye ukwaju, akala kwanza.

"Kaka, unajua yako pia ninayo?" akasema. "Uliponitumia zile dola, anwani yako ilibaki pale. Tangu siku ile iko."

Nikamuuliza ameona nini.

"Sijawahi kuifungua," akasema, akamwita muuzaji atuongeze viazi vya hamsini.