Deni la Jibu

Katika mji wa Lamu, au Amu kama wenyewe wanavyouita, serikali huangushwa kila siku baina ya alasiri na magharibi. Waziri wa fedha hufukuzwa kazi kabla dele la kahawa halijamfikia mtu wa tatu, bei ya mafuta ya boti hushushwa papo hapo, na ugomvi wa Marekani na Uchina hupatiwa suluhu ambayo Umoja wa Mataifa haujaiwazia. Mpita njia wa Usita wa Mui anaweza kuyasikia yote hayo bila kusimama. Mgeni huyaita porojo, na hakosei sana. Lakini porojo hizi zina kitu ambacho vikao rasmi vya kutoa maoni, vyenye hema, vipaza sauti na daftari la mahudhurio, vimekikosa kwa miaka mingi. Barazani, ukisema neno, utajibiwa.

Tuanze na namna baraza linavyofanya kazi. Mtu hutoa rai yake kwa sauti, mbele ya watu wanaomjua yeye, wanaomjua baba yake, na wanaojua mara ya mwisho alisema nini juu ya jambo lilo hilo. Kesho atakaa pale pale, kwa hiyo rai haimtoki akaiacha, humngoja. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alikuja Lamu pamoja na Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini kuzindua mradi wa LAPSSET, bandari ya gati 32 pamoja na barabara, reli na bomba la mafuta la kuunganisha nchi tatu. Aliyetangaza barazani siku ile kwamba vijana wa Amu watagombaniwa na waajiri alikuwa na hakika ya kuulizwa habari zao gati ya kwanza ilipofunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na hana hakika ya kusamehewa hadi leo. Aliyeapa kwamba hakuna meli itakayotia nanga pale maisha naye ana lake la kujibu. Hakuna anayepigwa faini. Kinachotumika ni kumbukumbu za wenzake na kicheko chao, na kwa watu wanaojali heshima hiyo si adhabu ndogo.

Halafu kuna swali moja linaloulizwa pale kila siku bila anayeliuliza kujiona mwanafalsafa: umejuaje? Plato alilichukua swali hilo katika mazungumzo yake yaitwayo Meno. Anasema mtu mwenye rai sahihi kuhusu njia ya kwenda Larissa atafika sawasawa na yule anayeijua njia kwa yakini. Basi kwa nini tuuthamini ujuzi kuliko rai? Jibu lake ni kwamba rai, hata ikiwa ya kweli, hutoroka. Haikai kichwani mpaka ifungwe kwa sababu. Jibu hili nalipenda, ila Plato aliifanya kamba hiyo kuwa kazi ya mtu mmoja na akili yake. Ninavyoona mimi, mara nyingi sababu hufungwa na wawili: anayesema, na anayemkatalia akasema, hebu eleza.

Mfano upo karibu. Wavuvi wa visiwa hivi, wa Amu, Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, walikuwa na rai juu ya bandari kabla ya mashine ya kwanza kugusa maji. Walisema kuchimba kina cha bahari kutavuruga matope na mikoko, samaki watahama, na wenye madau madogo hawataweza kuwafuata nje ya miamba, hasa msimu wa kusi bahari inapochafuka na riziki kubaki katika mikono ya bahari ya ndani. Wakubwa waliyasikia hayo kama malalamiko ya watu wanaoogopa maendeleo. Wakazi wakaenda mahakamani mwaka 2012. Huko kila upande ulilazimika kumjibu mwenzake, hoja kwa hoja, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki za wakazi za mazingira, utamaduni, habari na kushirikishwa zilivunjwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Rai ya mvuvi ilikuwa ile ile ya siku ya kwanza. Kilichoongezeka ni kwamba safari hii alikuwapo mtu asiyeweza kuinuka kitini bila kuijibu.

Sasa tuingie hemani. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 10, imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Ni neno zuri, na wazee waliozoea kutawaliwa kwa barua kutoka Nairobi hawakutarajia kuliona limeandikwa. Lakini kwa vitendo mara nyingi limekuwa hivi: maofisa wanateremka uwanja wa ndege wa Manda asubuhi, wanavuka, wanazungumza muda mrefu, wananchi wanapewa dakika mbili mbili, majina yanaandikwa pamoja na nambari za vitambulisho na sahihi, soda inagawiwa, na jioni ndege imeondoka. Baadaye ripoti inasema wananchi walishirikishwa, na ushahidi wake ni ile orodha ya majina. Mzee aliyesimama kuupinga mradi na kijana aliyekuja kwa ajili ya soda wamehesabiwa sawa, kila mmoja mshiriki mmoja. Waliyoyasema yamekwenda wapi, hajui mtu.

Mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, kiasi cha kilomita 20 kutoka mji mkongwe ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001, ulianguka kwa sababu hiyo hasa. Kampuni ya Amu Power ilipewa leseni ya mazingira mwaka 2016. Wakazi, wakiwa chini ya muungano wa Save Lamu, waliipinga mbele ya jopo la kitaifa la kesi za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta. Vikao vilifanyika, hilo halikukanushwa. Tatizo ni kwamba vilikuwa vikao vya kuutambulisha mradi, kabla ya utafiti wa athari kukamilika, na utafiti ulipokamilika watu hawakurudiwa ipasavyo wakaelezwa umesema nini. Waliombwa maoni juu ya jambo ambalo hawajaonyeshwa. Hapo hata Plato angecheka: mtu anaulizwa njia ya Larissa huku ramani imekunjwa mfukoni mwa anayeuliza.

Na kuna mambo ambayo hema halikuwekwa kabisa. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, kuvua usiku kulipigwa marufuku kwa ajili ya usalama. Mvuvi wa jarife anayetegemea giza hakuulizwa. Huenda marufuku ilikuwa na sababu ya haki. Sababu hiyo hakuletewa mlangoni na mtu wa kumtazama usoni.

Nisije nikaonekana nalipamba baraza. Baraza la jadi la Amu lilikuwa na milango, na milango ilikuwa na walinzi. Rai ya muungwana wa mtaa wa Mkomani ilikuwa na uzito ambao rai ya mkazi wa mtaa wa Langoni haikupewa, na mtoto wa mtumwa hakutegemewa kuwa na rai. Habib Swaleh alipokuja kutoka Ngazija katika karne ya 19 akaanza kuwasomesha watu wa tabaka la chini, hadi ukasimama msikiti wa Riyadha, waliokasirika hawakuwa wajinga. Walielewa vizuri kwamba mtu akishafundishwa kusoma ataanza kuuliza, na akiuliza itabidi ajibiwe. Wanawake hadi leo hawakai katika mabaraza ya njiani. Rai zao hupikwa na kupimwa ndani, katika shughuli za arusi na misiba, kwa ukali ambao wanaume wengi wangeuogopa, lakini hazina njia fupi ya kufika kunakoamuliwa mambo isipokuwa kwa mdomo wa mume au mtoto wa kiume, na mdomo huo hupunguza. Tena kuna Mpeketoni yenyewe, ambako walowezi kutoka bara walipewa mashamba katika miaka ya 1970. Wajukuu wao wamezaliwa Lamu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima, na sehemu kubwa yao hawajawahi kukalia baraza la mawe wala hawangekaribishwa kwa urahisi. Miongoni mwao, na miongoni mwa vijana wa Amu pia, wapo walioutaka ule mradi wa makaa kwa sababu walitaka kazi, na hiyo ni rai kamili, si usaliti.

Hema la serikali linawapokea wote hawa, na hiyo ni fadhila yake ambayo siwezi kuinyima. Kwa hiyo anayesema tuvunje vikao turudi barazani hajafikiri, au amefikiri akijua kwamba yeye ni miongoni mwa watakaokaa. Ninachotaka ni kwamba wanaoingia hemani wapate kile walichokipata waliokalia baraza.

Watu wa makamo hulaumu simu. Wanasema makundi ya WhatsApp yameua mjadala: mtu anatuma sauti ya dakika nne, anamtukana mwakilishi wa wadi, anazima data. Kuna kweli ndani yake, maana aliyetuma si lazima akae nasi kesho. Lakini teknolojia naiona imesingiziwa. Katikati ya miaka ya 1970 kinyang'anyiro cha ubunge wa Lamu kilizaa mashindano ya mashairi yanayojulikana kama Kimwondo. Mashairi yalirekodiwa katika kanda na kanda zikasafiri kisiwa kwa kisiwa, bila malenga kuwepo zinapochezwa. Kila shambulio lilipata jibu lake, na jibu lilibidi litimize mizani na vina, maana jibu bovu lingekuwa ushindi wa adui. Msikilizaji wa Faza alipata hoja za pande mbili bila kutoka kwake. Kanda ile haikuwa na tofauti kubwa na ujumbe wa sauti wa leo. Tofauti ilikuwa katika walioitumia: walijiona wana deni la kujibu.

Deni hilo limefika hata katika mahakama za juu kabisa za Kenya, ingawa kwa mlango wa kodi. Tarehe 31 Julai 2024, wiki chache baada ya vijana kujaa mabarabarani kuupinga mswada wa fedha wa mwaka huo, Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba Bunge lilikusanya maoni ya wananchi bila kueleza kwa nini limeyachukua haya na kuyaacha yale. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo: hakuna mahali Katiba inapolilazimisha Bunge waziwazi kutoa sababu, ingawa kuzitoa ni jambo jema la kuhimizwa. Kisheria huenda Mahakama ya Juu imesoma maandishi kama yalivyo. Kiakili mimi nimebaki na ile ya Rufaa.

Kwani kuulizwa bila kujibiwa ni kitu gani? Chukua watu wawili. Wa kwanza maoni yake yamekataliwa, akaelezwa kwa nini. Wa pili maoni yake yamekubaliwa, hakuelezwa lolote. Ameona tu sheria imetoka kama alivyotaka. Wengi watasema wa pili ndiye mwenye bahati. Lakini wa pili hajui kama alisikilizwa au mambo yalisadifu tu. Kesho akitaka kusema tena hana la kurekebisha wala la kuongeza. Wa kwanza ameshindwa, ila ameshindwa na sababu, na sababu anaweza kushindana nayo. Amechukuliwa kuwa mtu wa kueleweshwa. Ningekuwa wa kuchagua, ningechagua kushindwa kwake.

Atatokea wa kuuliza: serikali iwajibu watu 143,920 mmoja mmoja? Hakuna aliyetaka hivyo. Anayejibiwa si mtu, ni hoja, na hoja ni chache kuliko watu. Juu ya makaa ya mawe zilikuwa kama nne: maji ya moto yatakayorudishwa baharini, moshi na majivu, ardhi, na ajira. Ofisa mwenye nia angeweza kuzimaliza kwa asubuhi moja pale Mkunguni, mbele ya ngome, akasema hii tumeikubali, hii tumeikataa na sababu yake ni hii, hii bado hatuijui. La muhimu ni kwamba awe yule yule aliyekuja mara ya kwanza, si mwenzake asiyejua kilichosemwa, na wanawake wapangiwe wakati na mahali pa kuuliza bila kusemewa.

Watasema nauli ya kurudi ni ghali. Labda, kwa anayetoka Nairobi. Lakini wizara nyingi zina maofisa wao katika kaunti, na kutoka Mokowe, upande wa bara, mpaka Amu ni mwendo mfupi wa boti.