Habari ya Tamari na Daftari la Majina

Somo: 2 Samweli 13, mstari wa 1 hata 22.



Twadhani wengi wenu hamjapata kuisikia sura hii ikihubiriwa. Sisi wenyewe, katika miaka kumi na saba ya uchungaji, tumeihubiri mara moja tu, na mara ile tulikuwa tumekwisha kuchelewa, kama mtakavyosikia. Twaomba kila mtu aisome kwanza nyumbani mwake, peke yake, bila haraka, kisha arudi katika ukurasa huu.

Mmeona basi jinsi mambo yalivyokwenda. Amnoni si mgeni aliyeruka ukuta usiku. Ni mwana wa mfalme, ndugu wa Tamari kwa baba. Nyumba yajulikana, kitanda chajulikana, unga waukanda mkono wa Tamari mwenyewe. Tena aliyemtuma msichana aende huko ni baba yake Daudi, kwa sababu aliambiwa kwamba ndugu yake ni mgonjwa, ataka kupikiwa chakula. Daudi hakukusudia neno baya. Alituma mtoto mahali alipopaamini, asiulize neno. Hata maovu yalipokwisha kutendeka, Tamari hakunyamaza: alitia majivu kichwani, akararua vazi lake, akaenda njiani akilia kwa sauti. Aliyemnyamazisha ni Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja, aliyempenda; akamwambia asiyaweke mambo hayo moyoni, maana yule ni ndugu yake. Na mfalme aliposikia alikasirika sana. Basi. Maandiko hayasemi kwamba alifanya neno lingine lo lote. Alikuwa mfalme na mwamuzi wa Israeli yote, na hasira yake ilibaki ndani ya kifua chake.

Kwa nini twaandika haya leo? Kwa sababu siku hizi watu wengi, hata wazee wa kanisa, hutuuliza habari za yale madaftari ambayo serikali za nchi mbalimbali huandika humo majina ya watu waliopatikana na hatia ya kuwanajisi watoto. Wauliza kama jambo hili ni jema, na kama Mkristo aweza kulikubali, yeye anayekiri maondoleo ya dhambi kila Jumapili.

Kwanza tueleze asili yake. Huko Marekani jimbo la California lilianza kuandika majina hayo mwaka 1947. Walakini habari ilienea nchi nzima baada ya misiba miwili. Mwaka 1989 mtoto mmoja wa miaka 11, Jacob Wetterling, alinyakuliwa njiani katika jimbo la Minnesota, na mwaka 1994 ikatungwa sheria ya nchi nzima yenye jina lake, kuyataka majimbo yote yawe na daftari. Mwaka ule ule wa 1994, katika jimbo la New Jersey, mtoto wa miaka 7, Megan Kanka, aliuawa na mtu aliyekaa ng'ambo ya barabara mbele ya nyumba yao. Mtu yule alikuwa amehukumiwa mara mbili kwa kuwadhuru watoto, na wazazi hawakujua. Walilia wakisema kwamba kama wangalijua, mtoto wao angalikuwa hai. Hata mwaka 1996 sheria ikaamuru majina yatangazwe wazi kwa watu. Uingereza nayo ilianza daftari mwaka 1997. Lao si la kubandikwa ukutani, lakini tangu mwaka 2011 mzazi ye yote katika England na Wales aweza kwenda polisi akauliza habari ya mtu fulani aliye karibu na mtoto wake.

Katika bara letu, Afrika Kusini waliweka daftari kwa sheria ya mwaka 2007. Halifunguliwi kwa kila mtu, ila yule anayemwajiri mtu kufanya kazi na watoto hana budi kuuliza kwanza. Majirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2006, wamemwagiza Msajili wa Mahakama Kuu kutunza daftari la namna hiyo, na mtu mwenye sababu ya haki aweza kulitazama. Naijeria walifungua lao mwaka 2019.

Je, jambo hili ni jema? Twajibu kwamba ni jema kwa kiasi chake, na kiasi chake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Wale wenye kupima mambo huko Marekani walitazama habari za watoto walionajisiwa ambazo zilifika polisi, wakatoa hesabu zao mwaka 2000: katika kila watoto 100, wale waliodhuriwa na mtu wasiyemjua ni 7 tu. Wote waliosalia walimjua mtu yule: ni baba wa kambo, mjomba, jirani, mwalimu, rafiki wa nyumba. Na hapa kwetu Tanzania, katika uchunguzi uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema kwamba walipatwa na jambo la namna hii kabla ya kufika miaka 18. Hesabuni watoto wa kipaimara waliokaa mbele yenu Jumamosi iliyopita. Hesabuni polepole.

Daftari laandika tu yule aliyehukumiwa na mahakama. Kama Daudi angalikuwa na daftari, jina la Amnoni lisingalikuwamo, maana hakuna aliyemshitaki.

Tena liko jambo la kuogopesha katika daftari lililo wazi kwa kila jicho. Mwaka 2006, katika jimbo la Maine huko Marekani, kijana mmoja alitafuta majina katika orodha, akaenda mpaka nyumbani kwa watu wawili akawaua. Mmoja wao alikuwa ameandikwa kwa sababu katika ujana wake alikuwa na msichana ambaye bado kidogo tu atimize miaka 16. Sisi tunaoijua hasira ya watu sokoni mtu akipigiwa kelele za mwizi, twaweza kufikiri jambo hilo lingekuwaje katika vijiji vyetu. Kwa hiyo twaona Afrika Kusini wametenda kwa busara zaidi: jina halitupwi njiani, lakini mwenye kuwapa watu kazi kati ya watoto hapewi ruhusa ya kutouliza.

Sasa twafika mahali ambapo kalamu yetu ni nzito.

Kanisa letu lina madaftari mengi. Twaandika waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliofunga ndoa, waliokufa. Twaandika sadaka hata shilingi ya mwisho. Na mshiriki akihama twampa barua ya kuhamia, ili mchungaji wa huko ampokee. Miaka kadhaa iliyopita wazee walikuja kwetu na habari ya mtu mmoja aliyewafundisha watoto kuimba. Binti wa miaka tisa alikuwa amesema neno kwa mama yake. Jamaa za pande mbili wakakaa, mtu yule akatoa ng'ombe mmoja na mablanketi, wakapeana mikono. Wazee walisema kwamba mambo yamekwisha, na kwamba jina la usharika limehifadhiwa. Tulikasirika sana, kama Daudi. Na kama Daudi hatukufanya neno. Mwezi uliofuata mtu yule akaomba barua ya kuhamia. Tuliandika kwamba amebatizwa, amepata kipaimara, hushiriki meza ya Bwana, hutoa sadaka, hana deni la usharika. Kila neno lilikuwa kweli. Tukatia sahihi na muhuri.

Huko alikokwenda walimpa kwaya ya watoto kabla ya miezi miwili kwisha, kwa kuwa barua yetu ilikuwa njema na sauti yake ilikuwa njema. Baada ya miaka mitatu mchungaji wa huko alitupigia simu usiku. Watoto walikuwa wawili. Hakutukana. Alituuliza neno moja tu, kama tulijua.

Mtu yule sasa yu gerezani, maana usharika ule walikwenda polisi siku ile ile. Lakini mama wa yule binti wa kwanza alikuja nyumbani kwetu, akakaa katika kiti kilicho karibu na mlango, akasema, "Baba Mchungaji, yule ng'ombe alikufa kwa ukame. Mwanangu yu hai, naye hasemi na mtu." Ndiyo Jumapili tuliyoihubiri habari ya Tamari, anayesemwa kwamba alikaa katika nyumba ya ndugu yake hali ya ukiwa. Neno hilo la ukiwa tulikuwa tumelisoma mara nyingi chuoni katika Kiebrania, na hatukujua maana yake hata siku ile.

Waalimu wengine watasema, Je, amri ya nane? Hatukatazwi kumchafulia jirani jina lake? Naam, twakatazwa. Lakini fungueni Katekisimo Kubwa, mtaona Luther afundisha kwamba kujua dhambi ya mtu si ruhusa ya kuitembeza vinywani. Bali yako mambo ambayo lazima yapelekwe kwa wale waliopewa kazi ya kuhukumu na kuadhibu, na kwamba wazazi na wahubiri na wakuu wa serikali wana wajibu wa kusema. Mwenye kunong'ona kisimani amevunja amri ya nane. Mwenye kwenda kituoni kusema mbele ya afisa hakuivunja. Na mwenye kunyamaza, mtoto akadhurika, amevunja ya tano. Maana Katekisimo Ndogo yatufundisha kwamba amri ile si ya kutoua tu, bali pia ya kumsaidia jirani katika hatari ya mwili wake.

Na msamaha? Twaamini kwamba hata mtu huyu Kristo alimfia. Sisi wenyewe tumemtembelea gerezani, na akitaka meza ya Bwana kwa toba hatutamnyima. Lakini msamaha hauwarudishi watoto mikononi mwake. Mwivi aliyetubu asamehewa dhambi yake, wala hakuna usharika unaompa siku ile ile kutunza sanduku la sadaka, wala yeye haoni kwamba ameonewa. Je, watoto ni kitu kidogo kuliko sanduku? Bwana alipomweka mtoto katikati ya wanafunzi wake alinena habari ya jiwe la kusagia na shingo na kilindi cha bahari, naye hakuwa na desturi ya kutumia maneno makali bure. Mtu aliyetubu kweli kweli atakubali kukaa benchi la nyuma hata mwisho wa maisha yake.

Tena si kazi ya baraza la wazee kuamua shauri hili kwa ng'ombe. Serikali imepewa upanga na Mungu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwagiza kila mtu katika jamii, akijua kwamba mtoto anadhulumiwa, atoe habari kwa serikali ya mahali pake. Na mwenye kumnajisi mtoto wa kike aliye chini ya miaka 10, hukumu yake ni kifungo cha maisha. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na ziko simu za bure za namba 116, ambazo hata mtoto mwenyewe aweza kupiga. Wazee wakikaa na jamaa kula mbuzi wa mapatano, wamemnyang'anya mtoto hakimu wake, nao wamelifanya daftari lo lote, liwe la Nairobi au la Pretoria, kuwa karatasi tupu.

Katika usharika wetu tumeanza hivi. Hakuna mtu awaye yote, awe mwalimu au mwinjilisti au sisi wenyewe, anayekaa na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Kwaya ya watoto huwa na watu wazima wawili. Ajaye na barua ya kuhamia hapewi watoto hata tumempigia simu mchungaji aliyeiandika, tukamwuliza waziwazi lile neno tulilokuwa tukiona haya kulisema; tena tumeongeza mstari mmoja katika barua zetu, ambao mchungaji hana budi kuujaza kwa mkono wake. Wazee wengine walinung'unika, wakasema tunawafanya wageni wote kuwa watuhumiwa. Mama mmoja wa baraza alisimama akauliza ni nani kati yao angemkabidhi mgeni maksai wa kulima bila kuuliza kwanza. Walicheka, kisha wakakubali.

Juma hili barua za kuhamia mezani petu ni tatu. Mbili tumekwisha kuzitia sahihi. Mwenye ile ya tatu tumemwita aje Jumatano saa nne, na wazee wawili watakuwapo.