Matayarisho na Tawakali

Wako wacha Mungu wanaodhani kwamba msafiri ajitayarishaye kwa hadhari nyingi amepungukiwa na tawakali, kwa kuwa ajali ya mja imekwisha kuandikwa, wala haisogezwi mbele kwa blanketi la pili. Dhana hiyo yafaa ipimwe njiani, na njia niichaguayo ni ile ya Chogoria, mashariki mwa Mlima Kenya, impandishayo msafiri hadi Ziwa Ellis na, juu zaidi, Ziwa Michaelson, lililozungukwa na magenge kwa kimo cha karibu mita 4,000.

Atakaye kwenda huko hukusanya mavazi ya sufu, hema na chakula, kisha huizoeza miguu yake kupanda vilima na mzigo mgongoni. Na hayo hupatikana kwa mali na juhudi. Liko la tatu lisilonunuliwa wala kushurutishwa, nalo ni mwili kuizoea hewa ya huko, ambayo kila pumzi yake ina oksijeni kadiri ya tatu katika tano tu za ile ya pwani. Figo huchukua siku kadhaa kuirekebisha damu, na kijana shupavu hapati upendeleo, bali pengine huponzwa na nguvu zake, zimfikishazo juu kabla mwili haujawa tayari. Kwa hiyo wajuzi husisitiza kwamba, ukishapita mita 3,000, malazi yasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne ipatikane moja ya kupumzika.

Bedui aliyemwuliza Mtume kama amwache ngamia bila kumfunga, akamtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kisha ategemee. Maana sababu ni za Mungu kama matokeo yalivyo yake, na azidharauye hamtukuzi aliyeziweka. Basi alalaye tena pale alipolala jana, ilhali miguu ingali na nguvu, amekiri kwa mwili wake wote kwamba yeye ni kiumbe. Na akizidiwa na maumivu ya kichwa na kutapika, akashuka ilhali ziwa li karibu, imani yake haikushindwa. Kwani matayarisho yasiyouandaa moyo kurudi hayajakamilika, na tawakali isiyokubali kunyimwa ni kumwamuru Mungu kwa jina la kumtegemea.