Wanangu, Utazameni Mtaro Kabla ya Lami

Wanangu wa Tandale, Manzese, Mwananyamala na Mbagala, nimewaona mkishangilia greda lilipoingia mtaani, na mna haki ya kushangilia. Siku hizi bajaji inafika mlangoni, na mgonjwa hasubiri tena mvua ikatike ndipo apelekwe hospitali. Lakini macho yenu yote yako kwenye lami na taa za barabarani. Mtaro hakuna anayeutazama, na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize.

Mtaa wa mchanga hunywa maji. Mvua ikinyesha, sehemu yake huzama palepale. Mkishamwaga lami, na kila mwenye nyumba akasakafia uwanja wake mpaka ukutani, ardhi haina tena pa kunywea. Maji yaliyokuwa yakizama sasa yanakimbia, tena kwa pamoja na kwa kasi, na pa kwenda ni mahali pamoja tu, mtaroni. Kwa hiyo mtaa wa lami unauhitaji mtaro kuliko ulivyouhitaji ulipokuwa wa mchanga. Ukiziba, maji yanasimama kandokando ya barabara na kupenya chini, kwenye kifusi kilichoshindiliwa kuibeba lami. Kifusi kikilowa hulegea. Lori la maji likipita hapo mara mbili tatu, lami inabonyea, inapasuka, na shimo limezaliwa. Mkiliona mnasema mkandarasi kala saruji. Wapo waliokula kweli, na hao msiwanyamazie. Lakini lifuateni shimo hilo hatua chache tu, mara nyingi mtaukuta mtaro umejaa.

Umejaa nini? Kwanza mchanga, unaoteremka kutoka vichochoro ambavyo havijajengwa. Mifuko ya plastiki imepungua tangu ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini chupa za maji na nepi za watoto zipo tele. Na kuna ubaya mwingine ambao wengi hawauoni kuwa ni ubaya, yaani vivuko. Mtu amepata gari, anataka liingie ndani. Anatandika bomba jembamba ndani ya mtaro ambao mtoto angeweza kusimama humo, anamwaga zege juu, kazi imekwisha. Mtaro mzima sasa unapumua kwa tundu la inchi sita. Mvua kubwa ya kwanza, chupa moja inakwama mdomoni pa bomba, mchanga unaegemea chupa, na maji yanaingia kwa jirani wa upande wa juu, ambaye hana gari wala hakuulizwa. Mwenye kivuko analala pakavu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu linafanywa na watu wema, wanaosaliana msibani na kuchangiana harusini.

La kutapisha vyoo nitalisema waziwazi, japo si la kusemwa mbele ya chakula. Kusubiri mvua usiku ili utoboe shimo la choo uchafu uende na maji ni kumpelekea mwenzio kifo mlangoni. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia Kinondoni hapahapa, na kabla mwaka haujaisha kilikuwa kimeenea mikoa mingi. Ndiyo maana Desemba 9 mwaka ule Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kutuamuru sote tushike mafagio. Mtaro wa mvua umejengwa kwa maji ya mvua. Choo kikijaa, liitwe gari la kunyonya, na kama fedha ni shida, changeni wenye nyumba watatu.

Msidhani pia kwamba maji yakishapita kwenu yamekwisha. Ya Tandale huingia Mto Ng'ombe, nao humwagia Msimbazi, na Msimbazi unaotoka milima ya Pugu hupita Jangwani kabla ya kufika baharini. Desemba 2011 mto huo ulifurika, watu zaidi ya arobaini wakapoteza maisha katika jiji hili la Dar es Salaam, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao na shule za watoto wao. Kwa hiyo mkandarasi akiwa bado mtaani, muulizeni mtaro unaishia wapi. Tembeeni nao hadi mwisho. Ukiishia nyuma ya nyumba ya mtu, au ukipanda badala ya kushuka, semeni siku hiyohiyo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mitambo ikiwa bado ipo. Ikishaondoka, mtasubiri bajeti.

Msiseme ninyi ni watoto, hamtasikilizwa. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zetu walishika simu, wakapita uchochoro kwa uchochoro wakichora ramani za mitaa na mitaro katika kazi iliyoitwa Ramani Huria. Wenye shahada za ujenzi walizitumia ramani hizo. Tena kumbukeni kwamba barabara nyingi hizi zimejengwa na DMDP, mradi wa kuendeleza jiji letu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mimi nitakuwa nimeshazikwa, mtakaoulipa ni ninyi. Mtalipia lami ambayo huenda isiwepo tena.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi mnaufanya, nawaona. Lakini tope mnalichota na kulirundika ukingoni, mnapiga picha, mnaondoka. Jioni mvua inalirudisha lote mtaroni. Tafuteni toroli kabla ya majembe, tope liondoke siku hiyohiyo. Na msianzie juu karibu na msikiti kama mlivyozoea, kwa sababu kila mnachokilegeza kinateremka kwenda kuziba chini. Anzieni kalavati la mwisho, maji yapate pa kutokea, kisha pandeni na mtaro taratibu. Vuli huanza Oktoba. Septemba yote ni yenu, na kwa urefu wa mtaro ule mtaihitaji.